Panga choo kwanza: maji, hasira na safari ya Nakuru–Kisumu

Muulize dereva wa matatu kwa nini hanywi maji. Hatakuambia amesahau. Atakuambia Kericho ni mbali. Anakunywa chai asubuhi, soda mchana, na katikati ya hapo anajibana. Abiria wa kike wanaosafiri mbali hufanya vivyo hivyo. Mama aliyeketi na nyanya zake pale soko la Kibuye, Kisumu, tangu alfajiri naye ni hivyo, na mwalimu wa shule ambayo mlango wa choo cha walimu haufungi. Watu hawa wote wameshaambiwa wanywe glasi nane kwa siku, na wote wametikisa kichwa kwa adabu wakaendelea kukauka, maana aliyewaambia hakuwaambia watakwenda haja wapi.

Naendesha gari la viti kumi na vinne kati ya Nakuru na Kisumu. Ni kazi ya kukaa, lakini inachosha kichwa kuliko mgongo: hesabu ya mwenye gari, malori ya Salgaa, polisi, abiria anayetaka kushukia mahali pasipo na steji. Utaratibu ninaouandika hapa ndio ninaoutumia na konda wangu, na ndio ninaowapa madereva wachanga wa sako yetu, yaani chama cha ushirika cha matatu. Mimi si daktari. Nimesoma nilichoweza na nimeuliza wanaojua, na yaliyobaki nimeyaona kwa macho kwenye kiti cha mbele.

Hasira hutangulia kiu

Ukitoka Kericho kwenda Kisumu, baridi ya majani chai inakuacha na unaanza kuteremka. Ukifika Awasi, joto la nyanda za Kano linaingia dirishani. Hapo ndipo ugomvi wa chenji huanza, na huanza kati ya Awasi na Ahero karibu kila siku ya jua.

Siku moja mama mmoja wa makamo alikuwa akidai hamsini yake.

"Mathe, nimeshakupa!"

"Hujanipa, kijana wangu. Nilikupa mia tano, ukanirudishia noti mbili tu."

Konda akapandisha sauti. Abiria wa nyuma nao wakaingilia, huyu upande huu, yule upande ule. Nikamwambia, "Kunywa maji kwanza, halafu uhesabu." Alinikodolea macho, lakini akashika chupa. Alipoirudisha, akafungua noti alizokuwa amezikunja kwa urefu na kuzibana kati ya vidole, akazipitia moja moja, na ile ya hamsini ikatokea imejificha ndani ya mia. "Pole, mathe. Hii hapa."

Sisemi maji ndiyo yaliyohesabu pesa. Huenda ni ile nusu dakika ya kunyamaza na kumeza iliyomrudisha. Lakini alikuwa hajagusa maji tangu Nakuru, na nimeona mtindo huu mara nyingi kiasi kwamba konda akianza kujibu watu kwa mkato, mimi huuliza chupa iko wapi kabla sijauliza kuna nini.

Ubongo ni maji kwa takriban robo tatu. Maji yakipungua mwilini, chumvi ya damu hupanda kidogo, na sehemu ndogo ya ubongo inayoitwa haipothalamasi hulihisi jambo hilo mapema. Inaagiza homoni ya vasopresini, ambayo huziambia figo zishike maji, ndiyo maana mkojo hupungua na kukolea. Kiu nayo huja. Lakini mtu aliyejizoeza kuipuuza haisikii tena kama kiu. Huisikia kama uchovu, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, au uchungu usio na mwenyewe.

Haya yamepimwa. Mwaka 2011 na 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut kule Marekani walichapisha tafiti mbili za vijana wenye afya. Wanawake 25 waliopungukiwa na maji kwa asilimia 1.36 ya uzito wao walishuka moyo, wakaumwa kichwa, na kazi waliyopewa wakaiona ngumu zaidi, ingawa alama zao kwenye majaribio mengi ya akili hazikubadilika. Wanaume 26, kwa asilimia 1.59, walichoka, wakawa na wasiwasi, na umakini wao ukapungua. Kwa mtu wa kilo 70, kiasi hicho ni kama lita moja tu. Lita moja unaipoteza Kisumu kabla ya chakula cha mchana bila kubeba hata gunia.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wa mwaka 2015. Waliwaweka wanaume kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji kwa saa mbili. Siku waliyokuwa wamekunywa vizuri walifanya makosa 47 kwa wastani: kuvuka mstari, kuchelewa kukanyaga breki, na mengine ya aina hiyo. Siku waliyokuwa wamenyimwa maji kiasi, makosa yakawa 101. Walikuwa wanaume 11, nami nakubali kwamba gari dogo la Probox siku ya soko hubeba watu karibu idadi hiyo. Hata hivyo, makosa yakizidi mara mbili kwa sababu ya maji tu, sihitaji kusubiri utafiti mwingine ndipo nibebe chupa.

Andika vyoo kabla ya kununua chupa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua karatasi au simu, uandike kila mahali unapoweza kwenda haja kati ya alfajiri na jioni, na ni saa ngapi utakuwa hapo. Yangu ni haya: steji ya Nakuru kabla gari halijajaa, njia panda ya Mau Summit, pale tunapopaita Total, kama kuna anayehitaji, Kericho mjini, ambako husimama hata asiposema mtu, halafu Kisumu. Ahero ni akiba. Kila kimoja najua kama kina maji ya kunawa, kama mlango unafunga, na kama wanalipisha shilingi 10 au 20. Sarafu za choo hukaa peke yake kwenye kisahani cha majivu ya sigara, na konda haruhusiwi kuzitoa kama chenji. Karatasi ya shashi iko kwenye mfuko wa mlango.

Kuna kituo kimoja cha mafuta kwenye njia hii kinachomfungia choo asiyenunua mafuta. Sikitaji. Ila mafuta yangu pia sinunui hapo.

Wewe ambaye si dereva una orodha yako. Mwenye kibanda sokoni anahitaji jirani wa kumwangalizia mali kwa dakika tano, na hilo lipangwe waziwazi: mimi nakuangalizia saa nne, wewe unaniangalizia saa saba. Bila mpango, kila mmoja anaona aibu kumsumbua mwenzake, wote wawili wanakauka. Mwalimu apatane na wa darasa la jirani. Fundi wa nguo, mlinzi wa geti, mhudumu wa M-Pesa aliyefungiwa kwenye kibanda cha mabati, kila mmoja ana mtu mmoja wa kupatana naye. Kama choo cha kazini ni kichafu kiasi cha kukufanya usinywe maji, basi mlalamikie mkubwa wako kuhusu choo hicho, na umwambie kinawakosesha watu maji.

Abiria, hasa akina mama, mwambieni dereva kabla gari halijaondoka. "Dere, mimi nitahitaji Kericho." Basi. Hakuna dereva mwenye akili atakayekataa jambo lililosemwa mapema. Tunachokasirikia ni kuambiwa ghafla katikati ya mteremko, nyuma kuna lori. Kama unaona haya kusema mbele ya watu, mwambie konda unapolipa nauli.

Kunywa wakati gani

Mwili hauchukulii maji yote kwa namna moja. Ukigugumia nusu lita kwa mkupuo juu ya tumbo tupu, figo huona yamezidi na kuyatoa upesi, na ndani ya saa moja au mbili utakuwa unatafuta kichaka. Ukiyanywa kidogo kidogo, au pamoja na chakula chenye chumvi kidogo, sehemu kubwa zaidi hubaki. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500, na huanza kubisha hodi kabla hakijajaa. Ukijua haya mawili, unaweza kupanga.

Mimi nikiamka hunywa glasi mbili kabla ya chai. Naamka mapema makusudi ili ile haja ya kwanza inikute nyumbani na ya pili inikute steji. Gari likiondoka, sinywi tena kwa kugugumia. Nachukua funda moja kila tunaposhusha mtu, na konda vilevile. Tukisimama Kericho, haja kwanza, halafu kama glasi moja na kitu cha kutafuna.

Kunywa kwingi hufanyika Kisumu. Gari likiwa kwenye foleni, linasubiri zamu yake ya kupakia, choo kiko karibu, na hakuna usukani mkononi. Madereva wengi muda huo hulala, hucheza drafti au hubishana siasa. Mimi nabishana siasa na chupa mkononi. Nikimaliza nusu lita au zaidi kwenye foleni, kabla ya zamu yangu kufika nimeshakwenda haja, na safari ya kurudi naianza nikiwa mwepesi. Kanuni hii inafaa kazi yoyote yenye vipindi: kunywa sana wakati wa kusubiri, na wakati wa kazi yenyewe kunywa funda funda. Mwalimu anaweza kuyamaliza ya kwake wakati wa mapumziko ya kwanza, muuza samaki kabla wateja wa jioni hawajaanza.

Jioni, acha kunywa kwingi kama saa mbili kabla ya kulala. Usingizi uliokatwakatwa unaharibu moyo wa mtu kuliko glasi moja iliyokosekana.

Kiasi gani

Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, huweka lita 2 kwa mwanamke mzima na 2.5 kwa mwanamume kwa siku, lakini hesabu hiyo ni pamoja na maji yaliyo ndani ya chakula, na ni ya mahali penye hali ya hewa ya wastani. Mkata miwa wa Muhoroni au mkulima wa mpunga wa Ahero hawezi kuishi kwa hesabu hiyo. Mwenye kazi ya ofisini Nakuru anaweza.

Kwa hiyo mimi hutazama mkojo. Njano hafifu, uko sawa. Ukikolea kuelekea kahawia, na umepita saa nyingi bila kwenda haja, umechelewa. Angalia mambo mawili tu: vidonge vya vitamini huufanya mkojo uwe njano kali, na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huufanya uwe wa rangi ya machungwa. Hayo hayahusiani na maji. Na kama una kiu isiyokwisha na unakwenda haja kila mara, nenda ukapimwe sukari.

Baridi inadanganya. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit ni zaidi ya 2,400, halafu Kisumu unashuka hadi karibu 1,130. Kule juu husikii kiu kabisa, na baridi yenyewe inakusukuma kwenda haja. Kwa hiyo unafika Awasi tayari una deni, na joto ndipo linaanza kukudai. Funda za Molo na Londiani, ambazo mtu huona hazina maana kwa sababu amevaa jaketi, ndizo zinazookoa alasiri ya Kano.

Maji gani

Hakuna faida kunywa maji yakakulaza na kuhara. Kisumu, kipindupindu hatukisomi vitabuni. Maji ya kisima cha Nyalenda au Manyatta, ambako vyoo vya shimo viko hatua chache kutoka kisimani, yachemshe au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa, usubiri nusu saa ndipo unywe. Ukichemsha, yaache yatokote kweli kweli kwa dakika moja. Walio juu ya mita 2,000, kama Molo na Mau Summit, waache dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufika joto la kutosha.

Nakuru ina shida yake, nayo ni floraidi. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana madini hayo kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka, na ndiyo sababu ya yale meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki pale pale na kukolea. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianzisha mradi wa vichujio vya mkaa wa mifupa ambavyo huipunguza, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana shida hiyo. Mwenye watoto wadogo ambao meno ya ukubwani hayajaota aanze na hilo.

Kisumu, mtungi wa udongo wenye kifuniko, ukiwekwa kivulini penye upepo, unapoza maji bila stima. Watu hunywa zaidi maji yakiwa baridi. Chota kwa kata yenye mpini, mkono usiingie ndani.

Chai inahesabiwa. Kuna watu wanaoamini chai inakausha, lakini kwa kiasi tunachokunywa wengi wetu, chai na kahawa huongeza maji mwilini karibu sawa na maji yenyewe. Shida ya chai ni pale inapokuwa ya jioni sana na ya majani mengi, usingizi ukapotea. Uji wa wimbi, mursik ya maziwa ya kuchacha, supu ya samaki, tikiti, machungwa, hata mboga za mrenda na osuga, vyote vinaleta maji na chumvi yake. Ukitokwa na jasho sana au ukihara, nunua pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwenye duka la dawa na uikoroge kwa kipimo cha pakiti, usikisie.

Soda nakunywa, sitajifanya mtakatifu, ila si kwa ajili ya kiu. Vinywaji vya kuongeza nguvu naviogopa zaidi, kwa sababu kafeini nyingi kwa mpigo hufanya moyo udunde na mikono itetemeke, na mtu mwenye wasiwasi akidhani ni wasiwasi umemrudia, unarudi kweli. Miraa na muguka hukausha kinywa, hufukuza usingizi, na kesho yake hukuacha mzito moyoni. Pombe ya usiku huongeza mkojo. Dereva aliyemaliza yote matatu kati ya Ijumaa na Jumapili, Jumatatu usimwambie neno.

Wazee wa nyumbani

Hili ndilo jambo ninalotaka watu wa mjini mlisikie, hasa mliowaacha wazazi mashambani. Mzee husikia kiu kidogo kuliko kijana, hata mwili ukiwa umepungukiwa, na figo zake hazishiki maji vizuri kama zamani. Juu ya hayo, choo cha shimo kiko nyuma ya migomba, njia ina utelezi, na usiku hakuna taa. Mzee akifikiria hayo anaacha kunywa kuanzia alasiri, kimya kimya, na hakuna anayejua.

Shangazi yangu huko Siaya alianza kumwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mumewe. Jioni moja alikataa kuingia ndani akisema hiyo si nyumba yake. Majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona kuhusu chira, laana ya kuvunja mwiko. Tulipompeleka zahanati, mhudumu alimvuta ngozi ya mkono, akautazama ulimi wake, akauliza swali moja ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza: "Mama, unakwenda haja mara ngapi kwa siku?" Alijibu kwamba anajizuia, kwa sababu aliwahi kuteleza njiani.

Alitibiwa, na kichwa chake kikarudi baada ya siku kadhaa. Kisha tukabadilisha vitu vidogo. Ndoo yenye kifuniko chumbani kwake, na mtu wa kuimwaga asubuhi bila kulalamika, kwa sababu mzee akisikia malalamiko mara moja tu ataacha kuitumia. Tochi kando ya kitanda. Uji saa nne asubuhi badala ya kumwambia "kunywa maji, shangazi," maana maji matupu hayapendi na uji anaupenda. Supu mchana. Kikombe chepesi chenye mkono, kwa sababu vidole vyake havishiki glasi.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, sukari au kiharusi, na hakuna anayeweza kutofautisha kwa kumtazama. Usimnyweshe kwa nguvu aliyesinzia, atapaliwa.

Pale ambapo chupa haitoshi

Maji yanaondoa mzigo mmoja juu ya akili. Hayatibu sonona. Kama kwa wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakina ladha, au unafikiria kujidhuru, huhitaji chupa kubwa zaidi, unahitaji mtu wa kukusikiliza na kukutibu. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, wakupe barua ya rufaa. Kisumu wengi huishia hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. Kuna dereva ninayemjua anayehudhuria kliniki, na anaendesha vizuri kuliko wengi wetu tunaomcheka.

Wanaomeza lithiamu kwa ajili ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi wawe waangalifu sana. Maji au chumvi ikipungua ghafla mwilini, kwa jasho, kuhara au kutapika, dawa hiyo hujikusanya kwenye damu na kuwa sumu. Mikono ikianza kutetemeka kuliko kawaida, mtu akiyumba, akitapika, aende hospitali. Kila siku anywe kiasi kinachofanana, na chumvi asiikate ghafla bila kumuuliza daktari. Dawa nyingine kama amitriptilini hukausha kinywa hata kama maji ya mwili yanatosha. Hapo ulimi usikuongoze, tazama mkojo.

Kuna pia wasiofaa kuongeza maji kwa kufuata maandishi ya dereva: wagonjwa wa figo na wa moyo waliowekewa kiwango. Na mtu yeyote asinywe lita baada ya lita kwa saa moja akidhani anajisafisha. Figo za mtu mzima hutoa takriban lita moja kwa saa, yakizidi hapo chumvi ya damu hushuka, ubongo huvimba, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, zinafanana mno na za aliyekauka.

Ukienda kliniki, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja. Daktari akikuuliza unakunywa maji kiasi gani, mjibu kwa chupa unayoijua, ya nusu lita au ya lita, si kwa "ya kutosha tu." Na asipokuuliza unakwenda haja mara ngapi, mwambie mwenyewe.